Uzoefu wangu na Google Search Console: miezi minne tovuti ya karakana yetu ilikuwa haionekani

Kwetu ni karakana ya fanicha pale Keko, Dar es Salaam. Mzee alianza na mafundi wawili, siku hizi mimi na kaka yangu ndio tunaoiendesha. Mwaka jana tulitengenezewa tovuti: kikoa (anwani ya tovuti) cha .co.tz, picha za vitanda vya mninga, namba ya WhatsApp, kila kitu. Ilipendeza. Miezi minne ikapita bila simu ya mtu yeyote aliyesema "nimewaona mtandaoni". Kila Ijumaa tukishawalipa mafundi, Mzee ananiuliza, "Hao wateja wa kwenye kompyuta wanakuja lini, mwanangu?" Sikuwa na jibu, na iliniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyemshawishi atoe hela.

Nikakimbilia kutafuta mtu wa kumlipa kabla sijajua tatizo ni nini. Akajitokeza bwana mmoja aliyeahidi kwamba ndani ya siku 30 tutakuwa wa kwanza Google. Nikatoa nusu ya malipo. Kazi yake ikawa mbili tu: alijaza maneno kama "vitanda, vitanda Dar, fanicha Dar" kwenye lebo iliyofichwa ndani ya ukurasa, kisha akanunua viungo (linki za kuja kwetu) kutoka tovuti ambazo hazihusiani kabisa na mbao, nyingine ni za kamari. Baadaye nikasoma maelezo ya Google wenyewe. Wanasema wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Lebo ile ya maneno walitangaza tangu 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Na kununua viungo ili upande juu ni kuvunja kanuni zao. Nusu iliyobaki sikuitoa.

Aliyenifumbua macho ni mdogo wangu, alikuwa likizo. "Dada, andika site: halafu jina la tovuti yenu, bila kuacha nafasi." Nikaandika. Google haikuleta hata ukurasa mmoja. Kumbe wakati nahangaika tuwe wa kwanza au wa kumi, hatukuwemo kabisa.

Ndipo nikafungua Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi Google inavyoiona tovuti yake. Ni bure, unahitaji akaunti ya Google tu. Kwanza inataka uthibitishe kwamba tovuti ni yako: inakupa mstari mrefu wa herufi na tarakimu, nawe unaenda ulikosajili kikoa na kuubandika kwenye rekodi za DNS, yaani mipangilio ya kikoa chako, aina ya TXT (rekodi ya maandishi). Niliubandika saa tatu usiku, asubuhi nikakuta umekubali. Hiyo ndiyo sehemu iliyonitisha kuliko zote, na ilikuwa ya kunakili na kubandika.

Juu kabisa kuna kisanduku cha kukagua anwani. Nikaweka ukurasa wetu wa mwanzo. Jibu likaja kwamba ukurasa haupo kwenye Google, umezuiwa na alama ya noindex. Maana yake tovuti yetu yenyewe ilikuwa inaiambia roboti ya Google isituorodheshe! WordPress, programu iliyotumika kujenga tovuti yetu, ina kikasha kidogo kwenye mipangilio ya usomaji, ukitia tiki unaziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Watengenezaji wengi hukitumia wakati wa ujenzi ili watu wasikute kurasa nusunusu. Wetu alikabidhi kazi bila kuitoa ile tiki. Niliitoa kwa kubonyeza mara mbili, na nikakaa nikiiangalia skrini kwa muda mrefu.

Kisha nikaomba ukurasa uorodheshwe, nikawasilisha na ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa zake. Kama unatumia WordPress, tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 ramani hiyo hujitengeneza yenyewe, jina lake ni wp-sitemap.xml. Siku ya nne ukurasa wa mwanzo ukatokea. Kurasa nyingine zilikaa wiki kadhaa kwenye kundi la zilizogunduliwa lakini bado hazijaorodheshwa. Hapo ni subira. Kuomba kila siku hakuongezi kitu.

Tulipotokea, tukatokea kwa jina "Nyumbani". Ndicho kichwa cha ukurasa tulichokuwa nacho, na kichwa ndicho mtu anachokiona kwanza kwenye matokeo. Nikakibadilisha: "Vitanda na makabati ya mninga, Keko, Dar es Salaam". Kila ukurasa ukapata kichwa chake kinachosema ndani kuna nini.

Lakini sababu hasa ya mimi kuandika haya ni ripoti ya utendaji. Inakuonyesha maneno ambayo watu waliandika Google hadi wakaiona tovuti yako, mara ngapi ilionekana, wangapi walibonyeza, na wastani wa nafasi yako. Sisi tulikuwa tumeandika "samani bora za chumba cha kulala zilizobuniwa kwa umaridadi". Kiswahili safi, na hakuna hata mmoja aliyetafuta hivyo. Watu walikuwa wanaandika "vitanda vya kisasa", "kitanda cha mninga 5 kwa 6 bei", "makabati ya nguo ya kisasa". Sisi tumeandika makochi, wao wanatafuta sofa. Kwa "vitanda vya kisasa" tulikuwa tunaonekana, ila nafasi ya 38, yaani huko ukurasa wa nne ambako watu hawafiki.

Nikamsomea Mzee ile orodha. Akaniuliza, "Mteja akisimama hapo mlangoni husemaje?" Nikamwambia husema, "Naomba bei ya tano kwa sita." Akasema, "Sasa mbona hukuandika hivyo?"

Tukaketi jioni mbili tukaandika upya. Ukurasa wa kitanda cha 5 kwa 6 sasa unataja aina ya mbao, chaga ngapi, kama kina droo, bei inaanzia wapi, siku za kutengeneza, na kwamba tunakisafirisha kwa kirikuu mpaka kwako. Bei tuliibishania. Kaka yangu alitaka iandikwe "piga simu", mimi nikashikilia iandikwe, kwa sababu neno "bei" lilikuwa limejaa kwenye ile ripoti. Mzee naye akaongeza yake: jinsi ya kutambua mninga halisi na mbao laini iliyopakwa rangi ya mninga. Vuta droo yote nje, igeuze, utazame nyuma yake ambako rangi haikufika. Aya ile moja, iliyotoka kwenye mdomo wa mtu aliyepiga randa maisha yake yote, ndiyo iliyovuta watu kuliko ukurasa wowote tulionao. Hakuna mtaalamu wa SEO (kazi ya kuipandisha tovuti kwenye matokeo ya utafutaji) ambaye angetuandikia hiyo.

Picha nazo zilikuwa tatizo. Tulizipandisha kama zilivyotoka kwenye simu, kila moja karibu MB 5, na ukurasa mmoja ulikuwa nazo 12. Mteja wa bando la siku angeimaliza MB 60 kwa kututazama tu. Google husoma tovuti kwa jicho la simu kwanza, na kipimo chake kinataka kitu kikubwa cha mwanzo kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Ukitaka kujua uko wapi, weka anwani yako kwenye PageSpeed Insights, nayo ni bure. Nilizipunguza kwa Squoosh, programu ya mtandaoni ya kupunguza uzito wa picha, mpaka chini ya KB 200 kila moja. Nikabadilisha na majina, kutoka IMG na tarakimu kwenda "kitanda-mninga-5-kwa-6", na kila picha nikaiandikia maelezo mafupi.

Kwa biashara yenye mlango kama yetu, usiishie kwenye tovuti. Wasifu wa biashara wa Google ndio unaokuweka kwenye ramani, nao ni bure pia. Sisi tulithibitisha kwa video ya kibao, mtaa na mashine zikifanya kazi. Mteja akipokea kitanda, tunamwomba aandike maoni.

Mambo machache ya kujua kuhusu Search Console kabla hujaanza. Huanza kukusanya takwimu ukishaisajili tovuti, kwa hiyo isajili siku ileile inapofunguliwa, usingoje miezi minne kama mimi. Kumbukumbu zake zinarudi nyuma miezi 16. Takwimu huchelewa siku moja mbili, na maneno yaliyotafutwa na watu wachache sana hayaonyeshwi, kwa ajili ya faragha. Na haikupandishi juu yenyewe, inakuonyesha tu. Kuandika utaandika wewe.

Sasa naifungua kila Jumatatu asubuhi, chai mkononi, kabla mashine hazijawashwa. Kwa "kitanda cha mninga 5 kwa 6 bei" tuko ukurasa wa kwanza, na simu za "nimewaona Google" zinaingia, siyo kila siku, lakini zinaingia. Jumatatu iliyopita limejitokeza neno geni kwenye orodha: "vitanda vya dabo deka vya shule". Hatuna ukurasa wake, wala hatujawahi kuvitengeneza. Kaka yangu yuko nyuma ya karakana anapima mbao za cha kwanza. Kikishapigwa vanishi na kukauka, nitakipiga picha.