TAHADHARI: Anayeuza mabehewa ya mfano ya treni ya viazisukari, ya reli ya 21 mm, ni tapeli, msimtumie hela

Jamani, nimepigwa. Euro 574.88 zimekwenda na mabehewa sina. Siku kumi na moja nimekaa na jambo hili moyoni kwa aibu, hata Mama Neema nimemwambia juzi tu baada ya kuniuliza mbona siku hizi sipandi kule juu kwenye meza ya treni zangu za mfano. Jana nimeona anatangaza tena, picha zilezile, maneno yaleyale. Nikinyamaza, atakayefuata nitakuwa nimemwibia mimi.

Ni yule wa mabehewa pacha. Mnajua nilivyoyatafuta. Mimi nilifika Wexford, huku Ayalandi, 2003, nikaikuta treni ya viazisukari inapakiwa pale Wellingtonbridge, inavuka Waterford na Limerick Junction mpaka kiwandani Mallow. Msimu wa 2005 ndio ukawa wa mwisho. Yale mabehewa hayana mfano wake: bodi za zamani za CIÉ, shirika la usafiri la Ayalandi, ubavu una mikunjo kama bati la nyumba, moja imebebeshwa juu ya mwenzake ili behewa libebe zaidi, rangi ya kahawia imeliwa na kutu, na tope la mashamba limeganda kwenye kila mkunjo. Nimeyasimamia kwenye baridi mara nyingi nikimwaza Baba na karakana yake Tabora. Kwa hiyo mtu akija akasema anayo seti ya kuunga, resini, mabehewa kumi na mawili, tena ya kukaa kwenye reli ya 21 mm, mlitaka nifanye nini?

Hiyo 21 ndiyo iliyoniponza. Wengi wetu tunatumia reli za upana wa 16.5 mm kwa sababu ndizo zinazouzwa dukani, lakini hizo hata kwa treni za Uingereza ni nyembamba. Reli ya Ayalandi ina upana wa 1600 mm, ukigawa kwa 76.2, kipimo tunachopunguzia treni zetu, unapata 21. Anayejua hilo ni mtu aliyekaa mezani na vernia, kile kipimo chenye midomo miwili, mkononi, siyo mwizi wa mtandaoni. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilimtega makusudi, nikamwandikia kana kwamba nadhani ni 18.83. Akanisahihisha kwa upole, akaniambia hiyo ni ya Waingereza, kisha akaeleza mwenyewe, bila kuulizwa, habari ya Bulleid, mhandisi wa zamani wa CIÉ, na chesisi zake za pembetatu. Nikamwamini hapo hapo.

Jumapili saa mbili usiku akapiga simu ya video. Nataka niieleze yote, kwa sababu nimeirudia kichwani mpaka silali. Uso wake hakuuonyesha, alisema kamera ya mbele imekufa. Niliona mikono tu, kucha zina rangi ya kahawia, mezani kuna taa ndogo na kopo la gundi limefunguliwa. Akalishika behewa, akaligeuza taratibu ubavuni, nikaiona mikunjo yote, safi, nikamwita na mtoto aje aone. Nikamwomba aligeuze chini nione ekseli. Akaligeuza haraka akalirudisha, akasema gundi haijakauka, ataniharibia. Kisha akanitumia kipande cha video, vernia iko mbele ya magurudumu na kioo chake kinasoma 21.0. Niliitazama namba ile. Namba tu! Sikutazama kitu kingine.

Akaniuliza nimejifunza wapi kupenda reli. Nikamweleza habari za Baba, mpaka mambo ambayo simwambii kila mtu. Akanyamaza kidogo, akasema baba yake naye alifanya kazi kiwandani Mallow mpaka kilipofungwa. Sasa najiuliza kama ana hata baba. Akaniambia nisiharakishe, nilale, nifikirie. Tapeli gani anakwambia ukalale ufikirie? Asubuhi nikamtumia 456, yaani 38 kwa kila moja, na 14 ya posta. Akaomba nitume kwa ile njia ya kumtumia ndugu au rafiki, eti ile ya biashara inamkata. Nikatuma.

Baada ya siku nne akaandika kwamba mzigo unatoka Uingereza, kwa hiyo nimlipe VAT ya asilimia 23 aitangulize yeye nisisumbuliwe. Aliandika 104.88, mpaka na senti. Ile hesabu kamili ndiyo iliyoninyamazisha, maana kweli tangu 2021 vitu vya Uingereza vikiingia huku vinatozwa. Nikalipa tena. Mara ya pili! Mkono wangu mwenyewe.

Boksi lilifika, zito vizuri, limefungwa kwa gundi ya karatasi kila kona. Nilisafisha meza, nikatandika kitambaa, nikamwita mtoto tena. Ndani kulikuwa na magazeti, chini ya magazeti mabehewa kumi na mawili ya makaa ya mawe ya Kiingereza, plastiki, yale madogo ya vitu vya kuchezea vya zamani. Matano hayana kulabu. Moja lina herufi za mtoto fulani zimeandikwa kwa kalamu ya wino chini ya bodi. Magurudumu yote ya 16.5. Mtoto akaniuliza, "Baba, ndiyo haya?" Nikamwambia aende akalale.

Nilipomwandikia akajibu mara moja tu: aliahidi mabehewa kumi na mawili, ametuma kumi na mawili, na posta inaonyesha yamepokelewa. Kisha akanifungia. Nimefungua malalamiko kwa kampuni ya malipo nikaambiwa hela niliyomtumia "rafiki" haina ulinzi wa mnunuzi. Kumbe boksi lile halikutumwa ili lifike, lilitumwa ili liwepo kwenye kumbukumbu kwamba limefika.

Huyu mtu akamatwe. Sisemi arudishe hela yangu tu, nataka asimame mbele ya hakimu aonyeshe ile mikono yake. Kuna wazee kwenye hobi hii wanaishi kwa pensheni, wanadunduliza miezi sita wapate treni moja waliyoiendesha ujanani, na yeye anawawinda hao hao, anawasikiliza huzuni zao halafu anazitumia kama ufunguo. Afungwe. Na kila mwenye kusimamia kurasa za mauzo anayeendelea kumwachia baada ya kusoma haya, namhesabu naye. Jina anabadilisha, hilo analotumia sasa si lile aliloniuzia mimi, kwa hiyo msitafute jina. Polisi nimeshawapa yote niliyonayo.

Mtafuteni kwa haya. Picha: behewa la juu lina ufa kona ya kushoto, karibu na mkunjo wa tatu. Ufa ule ule nimeuona kwenye picha ya zamani ya mjenzi mwingine kabisa, nimemuuliza, amesema behewa ni lake na hajawahi kuuza hata moja. Video: itazameni ile vernia polepole. Midomo yake haigusi magurudumu, mwanga unapita katikati, amefungua tu mpaka 21.0 akaishika mbele. Halafu kodi. Mzigo ukizidi euro 150 VAT inadaiwa na posta au msafirishaji unapoingia nchini, muuzaji haombi aletewe mkononi. Na malipo ya kirafiki, nimeshasema. Uso haonyeshi. Kuna lingine kuhusu anwani ya kurudishia mzigo, ila polisi wameniomba nisiliandike.

Kama umemlipa na boksi halijafika, usilipokee. Kama limefika, usitupe hata gazeti la ndani, piga picha stempu ya posta na uniandikie leo. Tumeshakuwa watatu, na wa tatu ana sauti yake imerekodiwa.