Split: watu 23 kwenye mwili mmoja, na kaka yangu kwenye kochi

Jumamosi umeme haukukatika, nikapeleka flashi kujaziwa filamu, na iliyotoka ni Split ya M. Night Shyamalan, ya 2016, iliyotiwa sauti ya Kiswahili. Tukaiangalia sebuleni kwetu hapa Tanga: mimi, mama, kaka yangu, na mtoto wa jirani ambaye hakualikwa.

Kevin ni mfanyakazi wa bustani ya wanyama huko Philadelphia. Anateka wasichana watatu na kuwafungia chini ya ardhi. Kichwani mwake mna watu 23, na wa 24 yuko njiani, anaitwa Mnyama.

James McAvoy ndiye anayewaigiza wote hao, jamani! Dennis havumilii hata chembe ya uchafu. Patricia ana ule upole wa mama mkwe mwenye jambo lake. Hedwig ni mtoto wa miaka 9 mwenye kithembe. Alipoanza kucheza muziki mama alicheka mpaka chai ikamwagika.

Mtafsiri akatangaza, "Huyu jamaa ana mapepo ishirini na tatu!" Nilikereka. Kisha nikaona wale watu wa Kevin wanasemwa kuwa wamekaa kwenye viti, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kushika mwanga. Mtu wa Tanga akisikia viti hahitaji kuelezwa. Bibi yetu alikuwa kiti, yaani mtu anayepandwa na pepo. Pepo akipanda, sauti inabadilika, anaagiza marashi, na sisi wajukuu tumekaa palepale tunakula halua. Hakuna aliyekimbia. Wazee walimwuliza: umetoka wapi, unataka nini? Kwenye filamu anayeuliza hivyo ni Dakta Fletcher peke yake, mama wa makamo anayewaamini wagonjwa wake. Yaliyompata sisemi, ila mshakisia.

Ni kweli tunaonyeshwa kwamba Kevin aliteswa na mama yake utotoni, na Casey, mmoja wa wale wasichana, amepitia mabaya mikononi mwa baba yake mdogo. Mnyama anatangaza kuwa walioumizwa ndio bora. Lakini anayetangaza hayo ndiye anayeparamia kuta na kula watu! Hapo ndipo heshima yote waliyompa mgonjwa inapomwagwa. Na Patricia? Mwanamume ametokea amevaa sketi, basi sote tunatakiwa tutetemeke. Mbinu hiyo ilishatumika kwenye filamu ya Psycho mwaka 1960, waiache ipumzike. Wale wasichana wengine wawili sikumbuki hata majina yao.

Nawapa nyota tatu kati ya tano, mbili na nusu zikiwa za McAvoy.

Kaka yangu anahudhuria kliniki ya akili kila mwezi, mwaka wa 11 sasa. Ugonjwa wake si wa Kevin hata kidogo, na sijawahi kumwona akimpiga teke hata kuku. Ila mtaani hawabagui, wote ni "chizi", wote ni "wa Mirembe", ile hospitali ya akili ya Dodoma. Filamu ilipoisha, yule mtoto, ambaye kaka humfundisha hesabu jioni, akamgeukia.

"Anko, kwani nyie mko wangapi humo ndani?"

Kaka akamtazama. "Leo niko peke yangu. Kalete daftari."

Tulicheka sote, naye mtoto akacheka. Jumatatu hakuja. Jumanne alikuja, akakaa kwenye kigoda cha karibu na mlango, viatu hakuvua.