Darasa la leseni ya bastola, Houston: nyota nne, moja nimeikata

Nina mgahawa mdogo wa pilau na mishikaki huku Houston. Juzi mteja kainuka kulipa, shati likapanda, nikaona kitako cha bastola kiunoni. Alilipa vizuri na bakshishi akaacha, ila chenji ilinitetemeka mkononi. Tangu Septemba 2021, Texas mtu wa miaka 21 asiye na pingamizi la kisheria hubeba bastola bila leseni. Nikaona heri nikasome.

Darasa ni dola 65, Jumamosi kutwa, chumba cha nyuma ya duka la silaha. Zile dola 40 za serikali za kuombea leseni ni mbali. Nusu saa ya mwanzo mwalimu alitunadia ala za ngozi za kuwekea bastola, za dukani kwake. Nyota nimeikata hapo.

Lakini alipofika kwenye silaha ndani ya mali ya mtu, mzee yule alinikalisha kitako. Mlangoni kwangu nilibandika picha ya bastola iliyopigwa mstari mwekundu, chini nimeandika kwa kalamu "Tafadhali, bila silaha". Nikamwonyesha kwenye simu. "Mama," akasema, "kwa mwenye leseni hilo ni pambo."

Kumbe sheria ya jinai ya Texas yataka bango lenye maneno yake yenyewe, Kiingereza na Kihispania, herufi zisizopungua inchi moja. Kifungu 30.06 ni cha silaha iliyofichwa, 30.07 ya inayoonekana, na kwa wasio na leseni kuna 30.05 na bango lake. Mlango wenyewe upana wake wa kupita sufuria! Anayepuuza bango hutozwa faini isiyozidi dola 200. Ila hata mdomo watosha: ukimwambia mteja aondoke na silaha yake akagoma, anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Mimi mwenye mahali sihitaji leseni kuwa na bastola humo ndani. Lile bango jekundu la 51%, la kukataza silaha, ni la wanaopata zaidi ya nusu ya mapato yao kwa pombe inayonywewa hapohapo. Mimi nauza ukwaju.

Jioni tukaenda kwenye shabaha. Risasi 50: 20 kwa yadi 3, 20 kwa yadi 7, 10 kwa yadi 15. Alama 250, kufaulu ni 175. Vizuia sauti vya masikio walivyotupatia sponji zimechanika, nenda na vyako. Na vaa nguo ya kufunga shingo. Ganda la risasi liliniingia kifuani, moto kama kijiti cha mshikaki. Nikaruka, na bastola ikataka kuruka nami. Mwalimu alishanishika mkono. "Mdomo wa bastola mbele, mama! Ganda litapoa lenyewe." Lilipoa, alama limeacha. Nilipata 218.

Karatasi yangu nimeibandua. Mabango nimeagiza, na orodha ya vyakula inahamia dirishani. Mteja wangu Baba Salim anauliza biriani ataionea wapi.