AnnualCreditReport.com: anzia hapa kama gari lilichukuliwa na mkapelekana kortini

Ndugu zangu mlioko Marekani, kama gari lilichukuliwa na wenye mkopo halafu ikafuata kesi, kabla hujampa mtu hata senti "akusafishie" krediti, yaani rekodi yako ya mikopo, ingia kwanza AnnualCreditReport.com. Ni bure kabisa, hawaombi kadi, unapata ripoti za Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, hata kila wiki ukitaka. Jina liandike vizuri tu maana kuna tovuti za kuigiza, ukiingia huko unaanza kukatwa hela kila mwezi.

Nimekaa na shemeji yangu tukaichambua ya kwake. Gari lilikuwa na deni la dola 14,000, mnadani likaenda kwa 6,000, wakajumlisha na gharama za kulivuta, salio wakalipeleka kortini wakapata hukumu. Sasa kuna kampuni ikamwambia itamfutia hiyo hukumu kwenye ripoti kwa ada nono, alipe kwanza. Tumefungua zote tatu, hukumu haimo! Tangu Julai 2017 hawa watatu waliacha kuweka hukumu za madai, kwa sababu nyingi zilikuja bila namba ya Social Security (namba ya utambulisho ya huku) wala tarehe ya kuzaliwa, mtu anabandikwa deni la mwenzake wa jina moja. Yani walitaka walipwe kwa kufuta kitu ambacho hakipo, na sheria ya huku inawakataza kuchukua hela kabla kazi haijafanyika. Imeniuma sana.

Kilichomo ni kuchukuliwa kwa gari na lile salio, na hivyo vinakaa miaka 7 tangu alipoanza kuchelewa kulipa na asiweze kufidia tena, haihesabiwi toka siku ya mnada wala ya hukumu. Hiyo tarehe ikagueni. Ya shemeji, kampuni iliyonunua lile salio kwa mkopeshaji iliisogeza mbele, deni lingekaa muda mrefu kuliko haki yake. Tukapinga kwa maandishi na risiti za malipo, kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza, ikarekebishwa.

Ila kutoonekana kwenye ripoti sio kufutwa jamani. Hukumu bado iko kortini na mdai anaweza kuomba mshahara ukatwe, mpaka robo ya kinachobaki baada ya kodi, ingawa Texas kwa deni la namna hii hawagusi mshahara. Kwa hiyo samansi ikija kajibu, na uliza kama ulitumiwa notisi kabla ya mnada, wanatakiwa kuituma, wasipofuata utaratibu salio linaweza kupunguzwa.

Tovuti hii naipa nyota 4. Ya tano nimeibana kwa yale maswali ya utambulisho, unaulizwa mtaa uliokaa zamani au mkopo wa miaka ya nyuma, ukikosa inabidi ujaze fomu utume kwa posta, na kwa sisi tuliohamahama miji tangu tufike hiyo ni shida kweli. Pia alama zako za krediti (namba wanayotumia kukupima kama unakopesheka) humo hamna, ni ripoti tu.