Luxor kwa siku moja na gari binafsi: nyota 4, na hiyo moja niliyoikata naeleza sababu

Tangu turudi watu wananiuliza sana wasapu kuhusu Luxor, na wengi wanadhani Misri ni zile piramidi za Giza tu, ukishapiga picha na ngamia umemaliza nchi. Hapana jamani. Kama una siku moja tu ya kuangalia kazi za Wamisri wa kale ipeleke Luxor, na ratiba ya hiyo siku uipange wewe mwenyewe, usikubali kupangiwa. Ninachokipa nyota hapa ni huduma ya gari binafsi na mwongozaji wa watalii kwa siku nzima, jina la kampuni naliacha maana kuna kasoro nitaisema huko mbele, na huduma ya aina hii pale Luxor wanaitoa watu wengi, hotelini ukifika tu utaulizwa.

Tulikuwa mimi, dada yangu na mama. Mama magoti yanamsumbua, kwa hiyo kila nitakachosema hapa kuhusu ngazi na kutembea kichukulie kwa uzito kama na wewe utakuwa na mzazi. Kutoka Dodoma tulipanda SGR mpaka Dar, Dar ndege mpaka Cairo, Cairo ndege ya ndani mpaka Luxor ambayo ni kama saa moja tu angani, ukipanda treni ni usiku mzima. Kuna watu wanafikia Hurghada kwa ajili ya bahari halafu wanauziwa Luxor kama safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, aisee hiyo siipendekezi kabisa, ni karibu kilomita 300 kwenda na hizo hizo kurudi, masaa kama manne kila upande, unafika jua limeshakuwa kali na mabasi yote ya huko yanafika kwa wakati mmoja. Hela umelipa ila siku yako imeishia barabarani.

Sasa ratiba. Luxor mto Nile umeigawa mara mbili, upande wa mashariki ndiyo mji wenyewe na mahekalu makubwa mawili, Karnak na Luxor, na ng'ambo ya magharibi ndiko waliko wafu, Bonde la Wafalme na mahekalu ya kumbukumbu ya mafarao. Sisi tulilala ng'ambo ya magharibi makusudi, asubuhi hatukuhitaji kuvuka mto wala kuzunguka darajani ambako ni mbali na mji. Tukamwambia yule wa kampuni mapema kabisa, tunaanza bondeni milango inapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, tukitoka hapo hekalu la Hatshepsut, mchana tunapumzika, Karnak alasiri, hekalu la Luxor jioni taa zikiwashwa. Alitaka kutuanzishia Karnak kama wafanyavyo wengi, tukakataa, akakubali bila maneno na bei haikubadilika. Hapo walinifurahisha sana maana wengi wanakwambia ratiba haibadiliki.

Bonde la Wafalme saa kumi na mbili kuna ubaridi wa kweli, tulienda Januari na mama alivaa sweta na mtandio juu, maputo ya watalii yamepanda angani, na pale getini tulikuwa watu wachache. Kutoka getini mpaka kwenye makaburi kuna vigari vya umeme, nauli yake ndogo, kama una mzee lipa usibishane. Tiketi ya kawaida inakuruhusu makaburi matatu kati ya yaliyofunguliwa siku hiyo (hayafunguliwi yote, yanapokezana) na kaburi la Tutankhamun, yule farao kijana, lina tiketi yake ya pembeni, la Seti wa Kwanza pia, na la Ramses wa Tano na wa Sita vilevile. Mwongozaji haruhusiwi kuingia kutoa maelezo ndani, anakueleza nje halafu unaingia mwenyewe, kwa hiyo msikilize vizuri pale nje na muulize maswali hapohapo. Wetu alikuwa na picha kubwa za kila kaburi kwenye faili, akatuonyesha dari ikoje na ukutani tutafute nini, na tulipoingia kweli tukawa tunajua tunachokiangalia.

Kwa mama alituchagulia kaburi la Ramses wa Nne, na huo uchaguzi peke yake unatosha kunifanya niwape nyota. Lipo karibu na mwingilio, korido pana, mteremko wa taratibu tu. Mama alienda mpaka chini kabisa kwenye lile jeneza kubwa la jiwe, akainua uso akakuta darini mungu wa kike wa mbingu, Nut, amechorwa mara mbili, mwili mrefu umejinyoosha kutoka upande hadi upande na nyota zimemjaa. Njano na buluu bado ipo! Hii ni rangi iliyopakwa zaidi ya miaka 3,100 iliyopita na mimi nyumba yangu ya Area D napaka upya kila baada ya muda. Ukutani karibu na mlango kuna maandishi yaliyokwaruzwa baadaye na Wakristo wa Kikoptiki, yaani Wakristo wa Misri yenyewe, na wageni wa Kigiriki, maana kaburi hili lilikuwa wazi tangu zamani. La Merenptah mama alibaki nje, linashuka mno, mimi na dada tuliingia na mapaja yakatuuma kweli wakati wa kupanda.

Walinzi mle ndani watakuwashia tochi, watakuonyesha kona fulani, kisha mkono. Ni bakshishi hiyo. Weka noti ndogondogo mfuko wa pembeni, na kama hutaki sema la shukran, endelea na safari yako, hawatakukasirikia.

Kwa Tutankhamun tuliingia kwa sababu ya dada, alikuwa ameshasema hawezi kurudi Dodoma bila kuliona. Kaburi lenyewe ni dogo kuliko watu wanavyofikiria, mwanaakiolojia Mwingereza Howard Carter alilipata Novemba 1922 likiwa na vitu vyake karibu vyote na vitu hivyo vipo makumbusho ya Giza, jirani na Cairo, ila mwili wa huyo kijana bado upo palepale ndani ya kioo. Kama bajeti yako imebana ruka hili, hiyo hela ingia kwa Ramses wa Tano na wa Sita, dari la pale ni kitu kingine kabisa.

Hekalu la Hatshepsut, Deir el-Bahari, ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko kote, na ndiko mwongozaji alianza kuangalia saa. Ni ngazi kubwa tatu za jengo zimeegemea mwamba, linaangalia mashariki, jua la asubuhi linalipiga lote usoni kwa hiyo ukichelewa mpaka saa sita pale ni tanuri. Wengi wanapanda juu kabisa wanapiga picha wanashuka. Nakuomba, wewe kama Mwafrika Mashariki simama ngazi ya kati upande wa kushoto ukiwa unapanda, kuna ukuta umechongwa safari ya kwenda Punt. Hatshepsut alikuwa farao mwanamke, alitawala karne ya 15 kabla ya Kristo, akatuma merikebu kupitia Bahari ya Shamu kwenda nchi ya Punt, na wataalamu wengi wanaiweka Punt upande wa Pembe ya Afrika. Utaona nyumba za watu wa Punt za duara zimeinuliwa juu ya miti na ngazi ya kupandia, utaona miti ya ubani imebebwa na mizizi yake ndani ya vikapu ili ikapandwe Misri, na chini ya merikebu kuna samaki wamechongwa mmojammoja mpaka mapezi yanaonekana. Michongo imechakaa, unahitaji mtu akuelekeze kwa kidole, la sivyo utapita bila kuona. Mwongozaji wetu alitaka kuipita kwa dakika mbili, nikamwambia kaka hapa ndipo nilipopafuata, na kweli akarudi, akaeleza vizuri na kwa moyo. Nilichokiona kinauma ni sehemu zenye sura ya Hatshepsut mwenyewe, zimepigwa patasi zikafutwa baada ya kufa kwake, umbo lake limebaki kama kivuli ukutani.

Sasa ile nyota niliyoikata. Tulikubaliana kwa maandishi kwenye simu, hakuna duka. Tukitoka kwa Hatshepsut dereva anakata kona anasimama kwenye karakana ya vyombo vya alabasta, eti dakika kumi tu mama apumzike anywe chai. Chai ililetwa, na nyuma ya chai vikaja vinyago, vikaja vyungu, vikaja bei. Tulikaa zaidi ya nusu saa na mama kwa adabu zake hakutaka kunyanyuka kabla ya mwenyeji kumaliza kuongea. Hii tabia ipo sana Luxor, alabasta, karatasi za mafunjo, manukato, na dereva anapata kamisheni yake. Mimi sina shida na mtu kutafuta riziki ila muda wa mteja aliyelipia siku nzima ni mali ya mteja, na makubaliano ni makubaliano. Andika kwenye meseji kabla, na ukiona gari linasimama usishuke.

Mchana tulikula ng'ambo hukohuko, kuku wa kuoka na wali na bakuli la mulukhiya, ambayo ni mlenda huuhuu tunaokula nyumbani ila wao wanatia kitunguu saumu kingi. Mama alimaliza bakuli akaongeza, na juisi ya choya baridi. Kisha tukavuka kwa boti, dereva akazunguka darajani na gari. Kukaa katikati ya ule mto na kujua kwamba sehemu ya maji yale yametoka Ziwa Victoria kwetu ni raha, japo mengi yanayofika Misri ni ya Ethiopia.

Karnak. Hapa mwongozaji alirudisha heshima yote. Ukumbi wa nguzo una nguzo 134, zile 12 za katikati zina urefu wa kama mita 21, ukisimama chini shingo inauma na bado hujafika kileleni, na kwenye upande wa chini wa mawe ya juu bado kuna rangi. Tumewahi kuona picha zake wote, picha haisemi kitu. Lakini kilichotushika pale sio nguzo. Nyuma ya ukuta mkubwa wa kwanza wa lango, upande wa kulia ukiwa unaingia, kuna lundo la matofali ya udongo ambalo watalii wanalipita kabisa, ni mabaki ya njia ya mteremko waliyojengea, walipandisha mawe juu yake na ule ukuta haukumalizika, kwa hiyo mteremko ukabaki hapo mpaka leo. Mama aliinama akaangalia kwa karibu akasema hili tope limetiwa majani, akaanza kumweleza yule kaka jinsi babu zetu walivyokanyaga udongo wa tembe kule Mvumi, na yule kaka akawa ndiye anayeuliza maswali. Waliongea mpaka kundi la nyuma yetu likasogea kusikiliza.

Mnara wa jiwe wa Hatshepsut nao upo humohumo Karnak, jiwe moja la granaiti la mita karibu 30, lilichongwa Aswan kama kilomita 200 kusini likaletwa kwa mto. Sisi tuliokulia katikati ya miamba ya Dodoma tunajua granaiti ilivyo ngumu, kwa hiyo nilisimama pale nikaheshimu.

Hekalu la Luxor jioni ni rahisi, ni sehemu tambarare, linafungwa usiku, mama alitembea taratibu. Juu yake upo msikiti wa Abu Haggag unaoswaliwa mpaka leo, mlango wake wa zamani unaning'inia juu ukutani kwa sababu ulipojengwa hekalu lilikuwa limezikwa na mchanga. Dada aliswali magharibi pale.

Mambo ya hela. Madirishani kwenye tiketi hawakupokea keshi, ni kadi tu, kwa hiyo kabla hujaondoka nenda benki yako wakufungulie malipo ya nje ya nchi na uijaribu kadi ungali Dodoma. Tiketi haziko ndani ya bei ya gari, uliza hilo kwanza. Vijana wa UDOM mkiwa na kadi ya mwanafunzi ya kimataifa mnalipa nusu, kadi yenyewe ibebeni, picha ya kwenye simu msiitegemee. Picha kwa simu makaburini bure ila flashi marufuku. Nendeni kati ya Novemba na Februari, miezi ya katikati ya mwaka joto linapita nyuzi 40 na mzazi usimpeleke. Mkiwa watatu au wanne gari dogo linatosha na mkigawana bei inakuwa ya kawaida kabisa, mkizidi hapo mwambieni alete haisi, na mwongozaji mchague kwanza kwa kuongea naye kwa simu kabla ya kulipa chochote, muulize kama anaijua Punt, jibu lake litakuonyesha ni mtu wa aina gani.