Isabgoli kwa choo kigumu: uzoefu wangu

Nina muda sasa natumia isabgoli kwa sababu ya choo kigumu kilichonisababishia bawasiri, na naipa nyota nne kati ya tano. Nazungumzia ile ya kawaida: maganda meupe ya mbegu za mmea wa psyllium, bila sukari wala ladha. Zao lenyewe hulimwa zaidi Gujarat na Rajasthan, India, ndiyo maana maduka ya Wahindi hayaikosi.

Kuinywa kunataka haraka. Natia kijiko kwenye glasi ya maji iliyojaa, nakoroga, nainywa papo hapo. Ukiiacha kidogo tu inavimba na kuvutika kama mlenda, na hapo kuimeza ni shughuli. Baada yake naongeza maji mengine. Usithubutu kuibwia kavu, inaweza kuvimbia kooni ikakukaba. Mwenye shida ya kumeza asiiguse kabisa.

Hii si dawa ya kukufanya uharishe. Maganda hayo ni nyuzinyuzi, hayasagwi tumboni, yanashika maji hadi utumbo mpana, choo kinatoka laini bila kusukuma kwa nguvu. Kwa hiyo subira inahitajika: saa 12 hadi 72. Mimi nilichofurahia zaidi ni kutoogopa tena kwenda chooni, na mwenye bawasiri atanielewa.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya gesi. Mwanzoni tumbo lilijaa hadi nikarudi nusu kijiko, kisha nikapandisha taratibu. Kuna pia pakiti za ladha ya chungwa nilizowahi kununua: sukari tele, na karatasi yake inaahidi kutoa sumu mwilini na kukata kitambi. Huo ni uongo wa kibiashara, na unaniudhi kwa sababu wanaouziwa ni watu wanaoumwa kweli.

Chakula kibaki palepale. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kijiko hiki kinatoa gramu chache tu. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, alihusisha ulaji wa nyuzinyuzi nyingi Afrika na uchache wa maradhi ya utumbo. Basi dona, maharage na matembele viendelee.

Kama unameza dawa nyingine, ziachanishe na isabgoli kwa saa mbili hivi, maana inaweza kuzuia zisifyonzwe vizuri. Na ukiona damu chooni au unakonda bila sababu, nenda hospitali kwanza, hata kama unadhani ni bawasiri tu.