Maji ya balasti: kuyabadilisha au kuyasafisha?

Meli isiyo na mzigo hujaza maji ya balasti ili isiyumbe, na humo husafiri mayai ya kaa, vichanga vya kome na mwani wa bandari ya mbali.

Njia ya zamani ni kumwaga maji hayo na kuchota mengine bahari kuu, penye kina kirefu, maili 200 za baharini kutoka nchi kavu. Haidai mtambo wowote. Ila tope la chini ya tangi hubaki na wageni wake, na bahari ikichafuka nahodha huahirisha.

Ya pili ni mtambo unaochuja, kisha kuua kwa klorini au miale ya urujuanimno. Ni ghali, lakini huko ndiko mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika 2017 ulikokuwa ukielekea, na tangu Septemba 2024 njia ya zamani haitoshi tena.

Na sisi wa Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika? Kina tunacho, karibu mita 1,470. Upana ndio hatuna, hata kilomita 80 haufiki. Tena kubadilisha hufaa kwa kuwa chumvi huua viumbe wa mtoni. Tanganyika ni maji matamu toka Bujumbura hadi Mpulungu, utabadilisha nini? Kwa ajili ya migebuka na dagaa wetu, mimi nachagua mtambo.